Askari Aijue Kahawa Anayoilinda

Ndugu wapiganaji na askari polisi, ashikaye zamu ya usiku hapa Kampala aghalabu huulizia chai. Kahawa tumewaachia wageni, ingawa ndiyo iliyolisha hazina ya nchi hii kwa miaka mingi. Twaona kwamba kutoijua ni upungufu katika kazi yetu wenyewe.

Robusta haikuletwa na mkoloni. Ilimea yenyewe katika misitu yetu, na wazee wa Buganda waliitafuna walipofunga udugu wa damu. Arabika ndiyo mgeni, nayo hustawi juu, kwenye miteremko ya Elgon na Rwenzori. Mche hungojewa yapata miaka mitatu ndipo uzae, na tunda la robusta hukaa mtini karibu miezi kumi kabla ya kuiva. Linapaswa kuchumwa jekundu, moja moja. Likichumwa bichi, buni yake husinyaa, hupungua uzito, na kikombe hunuka majani.

Basi kwa nini mkulima achume mabichi? Wengine wamebanwa na madeni, wameuza mazao yangali maua. Lakini wengi huogopa mwizi. Mwenye shamba akisikia kwamba jirani ameibiwa usiku, kesho yake hukwanyua matawi yote, mabivu kwa mabichi, akaanika juu ya udongo mtupu, ambako kahawa hupata ukungu na harufu ya vumbi. Hapo ndipo udhaifu wa doria yetu unapoingia katika kikombe cha mnunuzi wa Ulaya. Hakuna mkaangaji awezaye kuuondoa: moto wake, hata upite digrii 200, hugeuza buni ya kijani kuwa ya kahawia na kuipasua kama bisi, lakini haugeuzi ubichi kuwa ubivu.

Historia yetu katika jambo hili si safi, na hatuna haja ya kuificha. Tangu 1969 Bodi ya Masoko ya Kahawa ndiyo pekee iliyoruhusiwa kuuza kahawa nje. Jalidi ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ilipanda duniani kote. Magunia yetu yakavuka usiku kwa magendo hadi Chepkube, Kenya, na baadhi ya waliopewa silaha za kulinda mpaka ndio waliosindikiza. Biashara hiyo ilifunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1991. Magendo ya namna ile yalikosa maana, wizi wa shambani haukukosa.

Askari aliye kizuizini ajue ishara moja nyepesi. Kiboko, yaani robusta iliyokaushwa na ganda lake, ikitikiswa hulia kama njuga. Mwizi hana subira ya kuanika. Gunia la matunda mabichi na mazito saa nane za usiku lina maswali ya kuulizwa. La mchana, lililokauka, la mama aendaye kukoboa mashineni, liachwe lipite, wala asitozwe hata senti. Anayemtoza ni ndugu yake yule mwizi.

Twapendekeza ratiba za doria zifuate mavuno badala ya kalenda ya ofisi: Masaka kuanzia Mei hadi Agosti, na mashamba ya Mukono kuanzia Novemba hadi Februari, wakati wenzetu wengi wanapoomba likizo ya Krismasi.