Nani Kawapa Ufunguo wa Duka?

Mei 2024 kampuni ya Sony iliamuru kila achezaye Helldivers 2 kwa kompyuta ajiandikishe katika mtandao wake wa PlayStation. Kenya na Tanganyika yetu na Zanzibar, yaani Tanzania, hazikuwamo katika orodha ya mtandao huo. Basi aliyekwisha lipa ajiandikishe wapi? Mara mchezo ukaondolewa katika duka la Steam kwa nchi zipatazo 177. Wachezaji wa dunia wakapiga kelele, amri ikafutwa baada ya siku chache. Lakini sisi mlango haukufunguliwa siku ile. Duka li Marekani, mwenye mchezo yu Japani, aliyefungiwa ni sisi! Fedha zetu hazikuulizwa pasi zilipopokewa. Twataka serikali zetu ziwaite mabwana hawa, waeleze.