Msimlaumu mwenye duka

Wadau, timu ya mtaa hapa nyuma ya chuo haina tena mdhamini. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi kasema basi, msimu huu hanunui jezi wala halipi nauli. Vijiweni wanamwita mchoyo. Mimi nasema hapana! Miaka mitatu kaibeba timu peke yake, je sisi washangiliaji tulinunua kwake hata msumari? Kule Kenya mwaka 2019 SportPesa ilipojitoa, Gor Mahia na AFC Leopards ziliyumba, sembuse timu ya mtaa? Tuchange buku buku kila mechi, wale madogo wasikose ligi kisa nauli. Jumamosi napita na daftari uwanjani. Usijifanye hunioni!