Kunyimwa Kibali Si Mwisho wa Maneno

Huenda wanachama wenzetu wakastaajabu kuona karatasi hii ya visiwani inavuka bahari, inapita Tanga na kwenda kusema habari za Korogwe. Jawabu letu ni fupi. Wapo ndugu zetu wengi waliohamia mkoa wa Tanga kwa biashara na kwa ndoa, na halmashauri ni halmashauri popote ilipo. Tabia mbaya ikiachwa ikomae upande mmoja wa bahari, haikawii kupanda jahazi.

Korogwe ni mji uliolelewa na reli na mkonge. Reli ya kutoka Tanga ilifika pale mwaka 1902, na sensa ya 2012 iliwakuta wakazi wa mji huo wamezidi 68,000. Watu kama hao wanahitaji nyumba, maduka, misikiti, makanisa na shule. Lakini kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya 2007, iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni ya 1956, mtu hawezi kuendeleza kiwanja chake mpaka mamlaka ya upangaji impe idhini. Katika mji mamlaka hiyo ni halmashauri. Hatuna ugomvi na kanuni hiyo. Mji usio na mpango huumiza maskini kabla ya tajiri, maana nyumba ya maskini ndiyo inayokosa njia ya kupita gari la zimamoto.

Tena twakiri kuwa yako maombi yanayostahili kukataliwa. Mto Pangani unapita Korogwe, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Barabara kuu iendayo Moshi nayo inapita pale pale, na tangu sheria ya barabara ya 2007 hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Mtu akiambiwa, “Kiwanja chako kimo ndani ya mita 60 za mto,” ameambiwa jambo la kupimika. Atachukua kamba, ataita jirani na mpima, naye atajua kama ofisa amesema kweli au amekosea. Sababu ya namna hiyo, hata ikiuma, ni heshima kwa raia.

Tunayoyapinga ni majibu ya namna nyingine. Mtu ameleta ramani, ada amelipa, amekwenda na kurudi ofisini mpaka viatu vimelika, kisha anaambiwa kwa mdomo kuwa ombi “halikupita”. Halikupita wapi? Nani alikaa kulitazama, na kwa kifungu gani? Hapewi karatasi. Au hapewi jibu lolote ila njoo kesho, njoo Jumatatu, mkubwa yumo mkutanoni. Hatusemi kuwa Korogwe inashinda miji mingine kwa ubaya huu; twasema kuwa ubaya huu ukitokea Korogwe au penginepo, mnyonge hana pa kushika.

Na asidhani mtu kuwa hasara ni ya kungoja tu. Mwenye hati ya kumiliki ardhi amefungwa na masharti ya kukiendeleza kiwanja ndani ya muda uliowekwa, na Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, imefanya uvunjaji wa masharti kuwa sababu ya kufutiwa miliki. Basi tazameni mtego huu: mkono mmoja wa serikali unamzuia asijenge, mkono wa pili unahesabu siku alizokaa bila kujenga. Akichoka akajenga usiku, ataamka aone alama ya X nyekundu ukutani mwake.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6)(a), inasema kuwa haki ya mtu inapoamuliwa na mahakama au na chombo kingine chochote, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ana haki ya rufani au nafuu nyingine ya kisheria. Halmashauri ni chombo. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts lililomo katika ripoti za sheria za 2003, ilieleza kuwa kusikilizwa si desturi tuliyoirithi kwa majaji wa Kiingereza tu. Ni haki ya kikatiba. Kabla ya hapo, katika shauri la James Gwagilo lililomo katika ripoti za 1994, Jaji Mwalusanya alikataa kuridhika na serikali iliyomstaafisha mtumishi wake kwa maneno matupu ya “manufaa ya umma” bila kutoa sababu. Aliyestaafishwa na aliyenyimwa kibali si watu wa jambo moja, lakini kiu yao ni moja: waambiwe kwa nini.

Kwa hiyo anayekataliwa aanze kwa barua. Aombe uamuzi kwa maandishi, wenye tarehe, sababu na kifungu cha sheria, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa abaki nayo. Afuate ngazi za malalamiko zilizowekwa, kwa kuwa mahakama huuliza kwanza kama ngazi hizo zimemalizwa. Zikishindikana, iko Mahakama Kuu, Tanga, yenye uwezo wa kutangua uamuzi na kuiamuru halmashauri ilitazame ombi upya. Kibali chenyewe haitakitoa, na wanaoahidi vingine wanawadanganya wateja wao. Ruhusa ya kufungua maombi hayo hutafutwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi, kwa kanuni za 2014; ndiyo maana tarehe ya barua ina thamani kuliko maneno mazuri ya karani.

Hata hivyo wakili, nauli na siku za kazi zinazopotea si mzigo wa muuza machungwa. Jirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi, wameweka kamati ya rufani katika kila kaunti: aliyekataliwa anakwenda ndani ya siku 14, na kamati imepewa siku 14 kuamua. Tena mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, huhesabiwa kuwa ameruhusiwa. Kwao kimya cha ofisi kinamgharimu ofisa, si mwananchi. Twataka wabunge wetu waliulize jambo hili Dodoma, na madiwani walisemee katika mabaraza: ofisi za vibali zitoe orodha ya maombi yaliyokataliwa, na sababu ya kila moja, ibandikwe mlangoni.