Radi Haina Mchawi: Nguvu Nne za Maumbile na Haki ya Jirani

Kila msimu wa mvua unaporudi katika milima ya Kivu, hurudi pia swali lile la zamani: ni nani aliyeituma radi? Nyumba imeungua, ng'ombe wamelala chini ya mti bila uhai, mtoto ameanguka shambani. Na kabla machozi hayajakauka, vidole vimekwisha kunyoshwa kuelekea mlango wa mjane, au wa mzee asiye na wana wa kumtetea. Kwa sababu hiyo tunasema kwamba fizikia, ambayo wengi huidhani kuwa somo la wateule wachache, ni jambo la haki. Asiyejua jinsi nguvu za maumbile zinavyofanya kazi yu karibu sana na kumhukumu asiye na kosa.

Fizikia huchunguza vitu, mwendo wake na nguvu zinazovitawala. Baada ya karne nyingi za utafiti, wataalamu wametambua nguvu nne za msingi, na kila moja ina ushuhuda wake katika nchi yetu ya Kongo.

Ya kwanza ni nguvu ya mvutano. Mwaka 1687 Isaac Newton alionyesha kwamba nguvu inayoangusha tunda kutoka mtini ndiyo hiyo hiyo inayoushika mwezi usiiache dunia. Hiyo ndiyo inayoyashusha maji ya mto Kongo pale Inga, tukapata umeme. Nayo ndiyo iliyoiteremsha lava ya Nyiragongo kuelekea Goma mwaka 2002 na tena mwaka 2021. Hata hivyo, ndiyo dhaifu kuliko zote nne. Sumaku ndogo ya kushikwa kwa vidole viwili hunyanyua msumari ambao dunia nzima inauvuta chini.

Ya pili ni nguvu ya sumakuumeme, ambayo sheria zake James Clerk Maxwell aliziunganisha katika miaka ya 1860. Hiyo huzifunga elektroni katika atomu, hulipa jiwe ugumu wake, huendesha mwanga, na hupita katika shaba ya Katanga iliyofanywa waya. Kati ya protoni mbili, nguvu hiyo huushinda mvutano mara nyingi zinazoandikwa kwa tarakimu 1 ikifuatwa na sifuri 36.

Ya tatu ni nguvu kali ya kiini. Protoni zina chaji ya aina moja, kwa hiyo zingepaswa kusukumana na kutawanyika. Nguvu kali ndiyo inayozishika pamoja katika kiini cha atomu. Kiini kizito kinapopasuliwa, nishati kubwa hutoka. Sehemu kubwa ya uraniamu iliyotumiwa na Marekani kutengeneza mabomu ya kwanza ya atomiki ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Tarehe 6 Agosti 1945 mji wa Hiroshima uliteketezwa. Lakini mwaka 1959 nguvu hiyo hiyo ilianza kutumiwa kwa utafiti katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa ya leo, kwenye mtambo wa kwanza wa nyuklia barani Afrika. Mkuu wa chuo wakati huo alikuwa Monsinyori Luc Gillon, padre aliyekuwa pia mwanafizikia.

Ya nne ni nguvu dhaifu ya kiini. Hiyo huweza kuigeuza nyutroni kuwa protoni, au protoni kuwa nyutroni; bila mageuzi hayo jua lisingewaka jinsi linavyowaka. Abdus Salam, mwana wa Pakistan, alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa kuonyesha kwamba nguvu hii na ile ya sumakuumeme zina asili moja. Tangu mwaka 1964 alikuwa ameanzisha huko Trieste, Italia, kituo cha kuwasaidia wanasayansi wa nchi maskini. Elimu hii, basi, si mali ya taifa moja wala ya rangi moja.

Sasa turudi kwenye radi. Radi ni kazi ya ile nguvu ya pili. Ndani ya wingu refu, chembe za barafu hugongana, zikapokonyana chaji. Upande mmoja wa wingu huwa hasi, mwingine chanya. Tofauti hiyo inapozidi, umeme huruka ndani ya wingu au kuelekea ardhini, nao huichoma hewa kufikia joto la nyuzi 30,000 hivi. Hewa hiyo hupanuka ghafla, nasi tukasikia ngurumo.

Utafiti wa vipimo vya setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, katika Kivu ya Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi: zaidi ya 200 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Nafasi ya kwanza ilishikwa na ziwa Maracaibo, nchini Venezuela. Je, tuseme kwamba wachawi wa dunia wamekusanyika katika pembe hizo mbili? Huko na huku kuna joto, unyevu, ziwa na milima inayoupandisha upepo juu. Hayo yanatosha kujenga mawingu ya radi.

Wako watakaotuuliza: mbona imepiga kwangu na si kwa jirani? Mti mrefu, kilima kilicho wazi na nyumba iliyosimama peke yake vinaweza kueleza sehemu. Lakini swali la ndani zaidi, kwa nini mwanangu, fizikia hailijibu. Hilo ni swali la msiba na la sala, nalo lastahili kubebwa pamoja na mfiwa kwa uvumilivu. Halihitaji mshitakiwa. Kumpa mfiwa jirani wa kumchukia ni kumwongezea msiba wa pili, na kuufikisha msiba huo katika nyumba nyingine.

Kwa hiyo twawaomba walimu waifundishe fizikia kwa radi, kwa Inga na kwa Nyiragongo, wala wasiishie kwenye kanuni za kukariri ubaoni. Twaziomba shule na parokia, kabla ya kupaka rangi mpya, zisimike kinga ya radi: chuma chenye ncha juu ya paa, kilichounganishwa na ardhi kwa waya nene wa shaba. Wazazi na wawaambie watoto wasijikinge mvua chini ya mti ulio peke yake. Na aliyepigwa na radi asiogopwe. Mwili wake haubaki na umeme, aguswe na asaidiwe mara moja.

Radi itaendelea kupiga Kabare, kwa maana milima na ziwa havitahama. Lakini yule mjane anayeuogopa msimu wa mvua kuliko watu wengine wote, kwa sababu anajua vidole vitaelekea wapi, hofu yake hiyo haikutoka mawinguni. Imetoka kwetu, na sisi twaweza kuiondoa.