Simu ya Bomba Lililopasuka

NJIANI NA MWANAHAMISI KOMBO

Muda mfupi kabla hujafika mlangoni, simu inaita. Mwenye nyumba anaomba radhi: bomba limepasuka, choo kimefurika, lakini usihofu, anayo nyumba nyingine, kubwa kuliko hiyo, tena si mbali. Mabegi unayo mkononi, jua linazama, pesa ulishalipa. Unakubali. Ukifika unakuta uchafu na viti vibovu ambavyo hukuviona kwenye picha yoyote.

Mwandishi wa habari wa Marekani, Allie Conti, alipigiwa simu ya namna hiyo mjini Chicago mwaka 2019. Alipofuatilia aligundua kwamba baadhi ya wenyeji waliojitangaza kwenye Airbnb, mojawapo ya programu za kukodi nyumba, hawakuwapo kabisa: majina ya kubuni, na sura zilizookotwa mtandaoni. Makala yake ilipotoka, haikupita hata wiki mbili kabla mkuu wa kampuni, Brian Chesky, hajaahidi kwamba nyumba zote milioni 7 zilizotangazwa humo zitathibitishwa kufikia mwisho wa 2020.

Januari 2024 waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani walitangaza kesi ya utapeli wa namna hiyo dhidi ya wanaume wawili: karibu nyumba 100, majimbo 10, zaidi ya dola milioni 7. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, nyumba moja ilitangazwa mara kadhaa kwa majina na bei tofauti. Aliyelipa zaidi alipewa funguo. Aliyelipa kidogo alipewa hadithi ya bomba. Limo pia jambo lililonichoma kuliko hela: wageni waliodhaniwa kuwa weusi walikuwa wakikataliwa. Nimewafikiria ndugu zetu wanaokwenda huko kwa masomo na kwa mahafali ya watoto wao.

Wako wanaosema aliyetapeliwa alikuwa mzembe. Nakataa. Mtego huu haumngoji mjinga, unamngoja aliyechoka. Tapeli anajua kwamba mtu mwenye watoto wawili na masanduku manne katika mji wa ugeni hawezi kubishana barazani. Na masharti ya Airbnb ya mwaka 2019 yalimsaidia: mgeni akilala hata usiku mmoja, kurudishiwa pesa zote kulikuwa kugumu. Yaani kupumzika tu kulihesabiwa kama kuridhika!

Anayekodi nyumba Diani au Nungwi anapitia programu hizohizo, kwa hiyo jambo hili ni letu pia, na wenye nyumba waaminifu wa pwani ndio wa kwanza kuchafuliwa jina. Ukipigiwa simu hiyo, mwambie mwenye nyumba aandike maneno yake ndani ya programu, na upige picha vyumba kabla hujafungua begi. Lakini mzigo huu si wa msafiri peke yake. Kampuni inakata ada katika kila malipo. Nyumba ikibadilishwa dakika za mwisho, kampuni ndiyo imtafutie mgeni pa kulala usiku uleule, kwa gharama yake, na mwenye nyumba asiguse senti mpaka ithibitike kwamba bomba lilipasuka kweli.