Tamko la Wauguzi na Wakunga Kuhusu Afya ya Akili Kazini

Sisi wauguzi na wakunga wa zahanati, vituo vya afya na hospitali za Tanzania tunatamka kwamba uchovu unaotumaliza umetokana na kazi, na kazini ndiko utakakotibiwa. Orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, inayotumika tangu Januari 2022, inasema vivyo hivyo: kuishiwa nguvu kwa sababu ya msongo wa kazi wa muda mrefu ni hali ya kazini, wala haikuhesabiwa miongoni mwa magonjwa.

Kwetu, muuguzi akilalamika huambiwa uuguzi ni wito. Ni kweli, na wengi wetu tuliingia chuoni kwa sababu hiyo. Lakini wito umegeuzwa kuwa njia ya kutunyamazisha.

Chukua usiku mmoja katika wodi ya wazazi. Mkunga yuko na mhudumu mmoja tu. Mama anavuja damu baada ya kujifungua. Mkunga anampa oksitosini, anakanda mfuko wa uzazi, anapiga simu kuomba damu, na daktari bado yuko chumba cha upasuaji. Alfajiri mama anafariki. Mkunga huyohuyo anamfumba macho, anamsafisha, anamfunika shuka, anatoka kuwaambia ndugu na kupokea matusi yao, kisha anarudi kumzalisha mama wa kitanda cha pili. Asubuhi anakabidhi zamu na kutakiwa aandike maelezo kwa ajili ya kikao cha kupitia kifo hicho. Kikao hicho kinaokoa maisha na tunakiunga mkono. Ila hakuna aliyepangiwa kumuuliza mkunga huyu yeye mwenyewe yukoje, na usiku unaofuata jina lake limo tena kwenye ratiba.

Wenzetu wa mbali nao wamenyamazishwa, kila mahali kwa mila ya mahali pale. Korea Kusini ilitumika heshima kwa wakubwa: wauguzi wapya walitukanwa na kudhalilishwa kwa jina la mafunzo, hadi kifo cha muuguzi kijana jijini Seoul mwaka 2018 kilipozua hasira nchi nzima. Tangu Julai 2019 sheria ya kazi ya nchi hiyo inakataza uonevu wa namna hiyo. Japani, ambako mfanyakazi husifiwa kwa uvumilivu, wauguzi walikesha peke yao miaka mingi. Mwaka 1965 mamlaka ya utumishi wa umma iliamua kuwa zamu ya usiku iwe na watu 2 au zaidi, na muuguzi asikeshe zaidi ya usiku 8 kwa mwezi. Uamuzi ulikaa kwenye karatasi mpaka wauguzi wa Niigata walipouingiza kwenye mapambano yao mwaka 1968. California, kwa sheria ya 1999 iliyoanza kutekelezwa 2004, muuguzi wa wagonjwa mahututi hapewi zaidi ya wagonjwa 2. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeokolewa kwa semina ya kujipa moyo.

Utamaduni unahusika sana kwenye kusikilizana. Muuguzi wetu ni nadra aseme ana sonona. Atasema kichwa kinagonga, mwili mzito, usingizi umepotea. Ukimpa dodoso linalouliza kama ana huzuni, atajibu hapana na kurudi wodini. Ukimwelekeza kwa mshauri wa hospitali anayofanyia kazi, hataenda, maana anajua faili litapita mikononi mwa wenzake. Kwa Watanzania walioajiriwa Uingereza na Ghuba kuna zaidi: kibali cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri, hivyo kulalamika ni kuhatarisha mkate.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Mei 2025 inaonyesha kuwa ni asilimia 42 tu ya nchi zilizotoa taarifa zenye utaratibu wa kuwasaidia wauguzi kiakili. Tunaitaka Wizara ya Afya na waajiri wote, wa serikali na wa binafsi, kwanza kabisa wafuate Pendekezo Na. 157 la Shirika la Kazi Duniani la 1977: siku ya kazi isizidi saa 12 pamoja na saa za ziada, na kati ya zamu na zamu yawepo mapumziko ya saa 12 mfululizo. Mkunga asikeshe peke yake. Aliyefiwa na mgonjwa katika mazingira mazito aondolewe kwenye zamu inayofuata bila kukatwa chochote, na mshauri wa kumwona awe nje ya kituo chake. Ndugu anayempiga au kumtukana muuguzi achukuliwe hatua na uongozi wa hospitali, asiachiwe muuguzi mwenyewe.

Nawe muuguzi ambaye usingizi umekukimbia kwa majuma sasa, usisubiri majibu ya tamko hili. Mwambie leo mwenzako mmoja unayemwamini, na mwombe mfuatane kutafuta msaada.