Lutuku ya Kamina yahitaji kipimo, si kiberiti

Mjuzi wa wiski hana haraka. Humimina kidogo, hutazama rangi, hunusa taratibu, kisha huacha funda dogo litulie ulimini. Mwishowe hutia maji kidogo, maana maji hufungua harufu ambazo ukali ulizifunika.

Mjini Kamina, makao makuu ya Haut-Lomami, ambako reli ya kutoka Lubumbashi hugawanyika kwenda Kananga na Kalemie, lutuku hainywewi hivyo. Glasi humalizwa mara moja, uso ukakunjwa, basi. Ni hasara, kwa kuwa lutuku na wiski ni ndugu. Wiski hutoka kwa shayiri au nafaka nyingine, lutuku kwa mahindi na muhogo. Zote huchachushwa, huchemshwa, na mvuke wake hupozwa hadi udondoke.

Tofauti huanzia hapo. Kwa sheria, wiski ya Scotland hukaa katika pipa la mwaloni miaka 3 au zaidi, na nguvu yake, isiyopungua asilimia 40, huandikwa kwenye chupa. Lutuku hunywewa ingali changa, na mnywaji hajui nguvu yake.

Kuonja vizuri kungesaidia. Mafundi wa wiski hutenga matone ya kwanza na ya mwisho, wakabaki na ya katikati. Lutuku inayonuka gundi inaonyesha kwamba mpishi hakutenga. Mnywaji anayejua kutofautisha atamlipa zaidi mama mwangalifu, na aliyelipwa vizuri hana sababu ya kulipua kazi. Tena anayeonja polepole hunywa kidogo.

Lakini ulimi una mpaka wake. Methanoli, sumu inayopofusha na kuua, haitambuliki kwa kuonja. Kuiwasha pombe kwa kiberiti hakusaidii pia, kwani methanoli nayo huwaka. Nairobi, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya kunywa pombe ya bei rahisi iliyotiwa methanoli. Nao waliionja.

Ndiyo sababu kumwaga mapipa hakutoshi. Pombe inayofukuzwa huhamia gizani, ambako hakuna anayeuliza imetiwa nini. Uganda ilijaribu njia nyingine: sheria ya 1965 iliwataka wapishi wa enguli wawe na kibali na kuiuza kwa kiwanda, ambako ilisafishwa upya ikawa Uganda Waragi. Pombe za magendo hazikwisha, lakini mpishi wa kijijini alipata mlango halali wa kuuzia.

Jimbo linaweza kuanza na hatua ndogo zaidi: orodha ya wapishi, kipimo cha nguvu ya pombe sokoni, sampuli zinazopelekwa maabara, na jina la aliyepika kwenye kila chupa. Mama anayelipia watoto shule kwa lutuku hataogopa jina lake lisomwe. Atakayeogopa ndiye wa kuulizwa ametia nini.